Hilo Shamba la Mafuta Litakaa Wapi?

 

Nataka tuzungumze kuhusu mafuta. Dunia ya viwanda iko kwenye harakati za kuiacha petroli. Si kwenye magari tu. Plastiki, rangi za nyumba, sabuni, oili za mashine, mafuta ya kujipaka, hata mafuta ya ndege, vyote hivyo kwa sehemu kubwa hutokana na petroli, na sasa wanataka vitokane na mbegu na matunda. Sababu zao zinaeleweka. Lakini wakajikuta na tatizo: ukilima mbegu za mafuta ya viwandani kwenye shamba la mahindi, bei ya unga inapanda na watu wanalala njaa. Ndipo likatoka jibu ambalo limerudiwa kwenye mikutano mingi hadi linasikika kama sala: limeni kwenye ardhi duni. Miteremko, mchanga, changarawe, ardhi iliyochoka, huko ambako chakula hakistawi. Kisiwani Sardinia, Italia, walilima mmea wa miba kwa ajili ya kiwanda cha Porto Torres kinachotengeneza malighafi za plastiki itokanayo na mimea. Kwingineko Ulaya wanaujaribu mmea uitwao kamelina. Na macho yao, kama kawaida, hayakuishia Ulaya.

Kwenye karatasi hoja hii haina kasoro. Hakuna anayenyang'anywa, hakuna anayekosa ugali, mkulima maskini anapata hela na kiwanda kinapata mbegu. Mimi nina swali moja tu, nalo ni la mtu wa Rungwe, huku Mbeya: hilo shamba litakaa wapi?

Hebu tushuke pamoja na barabara ya kutoka Uyole kwenda mpakani Kasumulu. Isongole, baridi kali, viazi mviringo hadi kwenye kingo za barabara. Kiwira, mahindi na migomba. Katumba, chai pande zote. Tukuyu yenyewe, migomba imeingia mpaka katikati ya mji, na mvua ni ile mnayoijua, zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka, tena udongo umetokana na majivu ya volkano. Ukipita Ushirika joto linaanza, kahawa inakupokea, na kadiri unavyokaribia Kyela unaiona kakao, kisha michikichi. Kutoka kilele cha Mlima Rungwe, karibu mita 2,960 juu ya usawa wa bahari, hadi ufukwe wa Ziwa Nyasa ambao hauzidi mita 500, ni safari ya asubuhi moja tu. Nionyesheni kwenye safari hiyo kipande kisicho na kazi.

Mgeni atasema: lile korongo pale, si limekaa bure? Basi tuliangalie korongo, moja la aina ile iliyo nyuma ya nyumba nyingi za kwetu. Kwenye ukingo wa juu kuna matete, yamepandwa kwa mstari. Yanazuia udongo usiporomoke, lakini kazi yake kubwa ni kulisha ng'ombe, kwa sababu huku hatuchungi, ng'ombe wako bandani na majani yanawafuata huko huko. Mama huyakata alfajiri, kabla hajapeleka maziwa kwa mnunuzi, na hayo maziwa ndiyo ada ya mtoto. Chini ya matete kuna migomba iliyojiotea na ile iliyopandwa. Pembeni mianzi ya kujengea na kusukia vikapu. Upande wa pili mikaratusi, ya nguzo na ya kuni, na kuni wilaya hii si za jikoni tu, kwani hata viwanda vya chai hukaushia majani kwa kuni. Kule chini kwenye unyevunyevu kuna magimbi. Mpimaji aliyekuja na picha ya setelaiti huona kijani kisichopangwa, akaandika kwamba eneo halijaendelezwa. Nyumba nne zinakula kutoka humo.

Atabaki na mlima, basi. Ule msitu wa juu. Huo ni hifadhi ya mazingira asilia tangu mwaka 2009, na ndimo anamoishi kipunji, kima mwenye manyoya marefu ambaye wanasayansi walimtangaza kwa ulimwengu mwaka 2005 tu, ingawa wawindaji wa huku walikuwa wakimsimulia siku nyingi. Vijito vinavyolisha bonde hili lote vinaanzia humo. Msitu nao umeshapata kazi yake.

Wala hili halikuanza na sisi. Mwaka 1938 Mwingereza Godfrey Wilson, ambaye yeye na mkewe Monica waliishi huku wakichunguza maisha ya Wanyakyusa, alichapisha kijitabu kizima kuhusu haki za mtu mmoja mmoja juu ya ardhi miongoni mwetu. Kama mwaka 1938 kulikuwa na mambo ya kujaza kitabu kuhusu nani ana haki gani kwenye kipande gani, leo tukiwa wengi mara kadhaa ya wakati ule tutaambiwaje kwamba kuna ardhi inayongoja? Vijana wa Rungwe hawakwenda migodini Chunya, Zambia, na baadaye mashamba ya mpunga Usangu kwa kupenda kutembea.

Najua kuna mtu anasema: wewe unaongelea Rungwe, penye watu wengi na rutuba. Tanzania ni kubwa, nenda kwenye mikoa yenye nafasi. Sawa. Twende, tuone waliokwenda walikuta nini.

Mwaka 2008, mwezi Julai, pipa la petroli lilifika dola 147 kwenye soko la dunia. Wengi mnakumbuka bei za nauli za mwaka ule. Ulaya nayo ilikuwa inaandaa agizo lake, lililopitishwa mwaka 2009, kwamba kufikia 2020 asilimia 10 ya nishati ya vyombo vya usafiri itoke kwenye vyanzo visivyokwisha. Ghafla kila mwekezaji akawa anatafuta mbono kaburi. Mnaujua: ule unaopandwa kuzungushia boma na kuwekea alama makaburi, mbuzi hawaugusi kwa sababu una sumu. Asili yake ni Amerika ya Kati, Wareno ndio walioutawanya. Mbegu yake ina mafuta kama theluthi ya uzito wake, na yanawaka vizuri. Tarehe 30 Desemba 2008 shirika la Air New Zealand lilirusha Boeing 747 kutoka Auckland, injini yake moja kati ya nne ikinywa mchanganyiko ambao nusu yake ilikuwa mafuta ya mbono, na sehemu ya mbegu hizo zilitoka Tanzania, Malawi na Msumbiji. Ndege iliruka na kutua salama. Sifa zikawa zimeiva kabla ya mbegu.

Mbono, tuliambiwa, unaota popote. Hauhitaji mbolea, hauhitaji maji, unapenda ardhi duni. Kampuni ya Uingereza, Sun Biofuels, ikapata Kisarawe zaidi ya hekta 8,000 zilizokuwa za vijiji 11, kwa miaka 99. Kampuni ya Uholanzi, BioShape, ikapata Kilwa karibu hekta 34,000, eneo la vijiji vya Mavuji, Migeregere, Nainokwe na Liwiti. Sasa hebu jiulize Kilwa hiyo ardhi ilikuwa duni kwa vipi. Ilikuwa msitu! Wilaya ile inasifika kwa mpingo. Watu wake walikuwa wanachota humo asali, dawa, miti ya kujengea, nyama. Ardhi isiyolimwa ikahesabiwa kuwa ardhi isiyotumika, na hapo ndipo mpango mzima ulipoanza kupotoka.

Mwisho wake unajulikana. BioShape ilifilisika mwaka 2010. Sun Biofuels ikaanguka mwaka 2011, wafanyakazi mamia wakarudishwa nyumbani, na vijiji vikabaki vinalalamika kwamba njia ya kwenda kwenye maji na kwenye makaburi ya wazee wao imeingia ndani ya shamba la watu. Bei ya petroli ilikuwa imeshashuka siku nyingi. Ile dola 147 ya Julai 2008, ilipofika Desemba mwaka huo huo ilikuwa chini ya 40. Hesabu zote zilizopigwa kwa bei ya Julai zikafa kwa bei ya Desemba. Serikali ilisimamisha ugawaji mpya wa ardhi kwa kazi hiyo mwaka 2009, na mwongozo wa nishati ya mimea ukatoka mwaka 2010, wakati mashamba yenyewe yanakufa.

Nataka nikae kidogo hapa, kwa sababu kuna jambo la sheria ambalo wengi hatulijui mpaka limeshatupata. Ardhi ya kijiji, chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji namba 5 ya mwaka 1999, iko mikononi mwa halmashauri ya kijiji kwa niaba ya wanakijiji. Mgeni kutoka nje ya nchi hapewi hiyo. Ili aipate kwa uwekezaji, kwanza inahamishwa kutoka ardhi ya kijiji kuwa ardhi ya jumla, halafu ndipo anapewa haki ya kuitumia kwa miaka kadhaa. Sasa kampuni ikifa, wewe unadhani ardhi inarudi kijijini? Hairudi yenyewe. Imeshakuwa ardhi ya jumla, na kuirudisha kijijini kunahitaji uamuzi mwingine wa serikali. Mzee aliyenyoosha mkono mkutanoni akidhani anamkodishia mtu shamba, kumbe ameliaga. Kilwa na Kisarawe walijifunza hilo wakati mwekezaji ameshafunga ofisi na hakuna wa kumuuliza.

Na mbono wenyewe? Haukudanganya mmea, walidanganya waliousemea. Ni kweli unastahimili ukame na ardhi mbovu. Lakini mti kustahimili ni jambo moja na kuzaa ni jingine. Ukiupanda kwenye changarawe unabaki hai, unakupa kivuli chembamba na konzi ya mbegu. Ukitaka uzae kwa magunia unadai kile kile yanachodai mahindi: maji, mbolea, palizi. Kisha vitumba vyake haviivi kwa pamoja. Kwenye tawi moja utakuta ua, kitumba cha kijani, cha njano na kilichokauka, kwa hiyo kuvuna ni kwa mkono, kimoja kimoja, na kurudi tena wiki ijayo. Mashudu yake huwezi kumpa ng'ombe, yana sumu. Mkulima akipiga hesabu ya siku zake, afadhali akavune chai.

Waliofaidika na mbono, kwa kiasi chao, ni wale ambao hawakutafuta ardhi kabisa. Akina mama wa Engaruka, huko Monduli, wakifundishwa na shirika la KAKUTE la Arusha, walichuma mbegu kwenye zile zile fensi za zamani, wakakamua, wakapika sabuni. Wakauza sabuni, siyo mbegu. Saa moja ya kupika sabuni iliwalipa mara nyingi zaidi ya saa moja ya kuchuma mbegu za kumuuzia mtu mwingine. Hili naomba mlishike, nitalirudia mbele kwa sura nyingine.

Kwa kweli nchi hii ilipaswa kuwa imeshaonywa. Mwaka 1947 Waingereza, wakiwa na njaa ya mafuta ya kula baada ya vita, walikuja Kongwa na mpango wa karanga. Ekari zaidi ya milioni tatu Tanganyika, Kenya na Rhodesia ya Kaskazini, nyingi zikiwa hapa kwetu. Mwaka wa kwanza walikusudia ekari 150,000, wakaishia na chini ya 10,000. Udongo wa Kongwa ulikuwa unakauka na kuwa mgumu kama saruji, unasaga majembe ya matrekta, na mvua ilikuwa ya kubahatisha. Wagogo walikuwa wanaijua ardhi ile na mvua yake, ila hawakuwa kwenye orodha ya wataalamu. Ilipofika mwaka 1951 mpango ulifungwa, na walipa kodi wa Uingereza walikuwa wamepoteza pauni milioni 36. Waliiita ardhi tupu, nayo ikawaonyesha kwa nini watu waliiacha wazi.

Sasa turudi kwenye zama hizi, kwa sababu hoja haijafa, imebadilisha mbegu. Jirani zetu Kenya, Julai 2022, kampuni ya Eni ya Italia ilifungua kiwanda cha kukamua mafuta Wote, kaunti ya Makueni. Oktoba mwaka huo huo shehena ya kwanza ikasafirishwa kwenda Gela, kisiwani Sicily, ambako kuna mtambo wa kutengeneza dizeli ya mimea. Mbegu wanazotaka ni za nyonyo, za msinduzi na za pamba. Eni wanasema hawachukui ardhi ya mtu, wananunua kwa wakulima tu, na kwa hilo nawapongeza, ni hatua mbele ya Kilwa. Lakini mwaka 2024 shirika la Transport & Environment la Ulaya lilitoa taarifa kwamba wakulima wa nyonyo waliozungumza nao walilalamikia mavuno haba na malipo yasiyokidhi. Maana ukiacha kuchukua ardhi ya mkulima, bado unaweza kumwachia hasara yake yote. Mvua ikikosa, anayekosa ni yeye. Kampuni itanunua mbegu kwingine.

Nyonyo yenyewe, au mbarika kama mnavyouita mti wake, siubezi hata kidogo. Mafuta yake ni ya pekee. Ni mazito, hayagandi haraka kwenye baridi, na ndiyo yaliyolainisha injini za ndege za mwanzo. Hata jina la oili ya Castrol limetoka huko. Wafaransa wametengeneza nailoni kutokana nayo kwa miongo mingi. Akina dada wanayapaka kwenye nywele. Na dunia nzima sehemu kubwa ya nyonyo inatoka India, hasa jimbo la Gujarat, wakati hapa mbarika unaota jalalani bila kupandwa na mtu. Lakini sikilizeni: Gujarat hawaulimi jalalani. Wana mbegu bora, wana maji ya kumwagilia, wana masoko yanayotangaza bei kila siku. Sisi tunaambiwa tuulime kwenye ardhi duni, kwa mbegu ya kuokota, halafu tushindane nao. Huo si ushindani.

Basi Rungwe tukae mikono mitupu? Hapana. Nasema tuanze na mafuta ambayo tayari yameshaiva na yanaoza.

Nazungumzia parachichi. Hakuna asiyejua jinsi zao hili lilivyobadilisha wilaya hii. Zamani parachichi za kienyeji zilikuwa za watoto na nguruwe, zikianguka chini ya mti hakuna aliyeinama. Kisha ikaja Hass, ikaja kampuni ya Rungwe Avocado, wakaja na wanunuzi wengine, na leo kuna familia zimeng'oa kahawa kupanda miche. Soko limefunguka hadi India, na mwaka 2022 tulitiliana saini na China. Vizuri sana. Lakini nendeni mkaangalie tunda linavyochambuliwa. Mkulima ameleta kreti zake. Mchambuzi anashika tunda, analigeuza, analiweka. Hili dogo, kando. Hili limekwaruzwa na tawi kwenye upepo, kando. Hili lina doa la mdudu, kando. Hili limechumwa bila kikonyo, kando. Ndani ni bichi na zuri sawa na lililopita, lakini mnunuzi wa Ulaya ananunua kwa macho. Lile lililowekwa kando linauzwa kwa bei ya kutupa, au linarudi nyumbani kwenye bodaboda ile ile, na baada ya siku chache linaoza.

Sasa tunda hilo lina nini? Lina mafuta. Hass iliyokomaa vizuri, nyama yake ina mafuta hata asilimia 20. Ndiyo maana wanunuzi wanapima ukomavu kabla ya kuchuma: tunda changa ni maji matupu, lililokomaa ni mafuta. Na mafuta ya parachichi yanatafutwa na watengenezaji wa vipodozi, sabuni na mafuta ya nywele, na ya daraja la juu yanaliwa. Kenya, kule Murang'a, kampuni ya Olivado imekuwa ikikamua kwa miaka mingi kutoka kwa wakulima wadogo kama sisi.

Namna ya kukamua haina uchawi. Tunda linaachwa liive hadi lilainike. Linamenywa, kokwa inatolewa, nyama inapondwa ikawa uji. Uji huo unakorogwa polepole kwenye joto la kadiri, nyuzi 45 hivi, kwa muda wa kutosha matone ya mafuta yakutane. Kisha unazungushwa kwa kasi kwenye mashine ya kutenganisha, mafuta yanatoka huku, maji na makapi kule. Ipo na njia ya nyumbani, ya kuanika uji juani hadi ukauke, ndipo ukamue kwa mkono. Ila anika juani Tukuyu mwezi wa nne, uje uniambie! Hapa kwetu njia hiyo inataka kikaushio chenye paa, la sivyo utakamua kuvu.

Mashine ndogo za kukamua nchi hii si ngeni. Mwaka 1985, hapa hapa Tanzania, fundi Carl Bielenberg alibuni mashinikizo ya mkono kwa ajili ya alizeti, yale ya kusukuma mkono mrefu wa chuma kama unapiga pampu ya maji, na wanakijiji wakaanza kula mafuta waliyoyakamua wenyewe. Parachichi inadai mashine tofauti na ghali zaidi, mtu mmoja haiwezi. Chama cha ushirika kinaiweza. Wakulima wadogo wa chai wa wilaya hii waliweza kuwa na hisa kwenye viwanda vya Katumba na Mwakaleli, sembuse mashine ya kutenganisha mafuta.

Kuna hatari zake, na nisizifiche. Kiwanda cha mafuta kikinunua bila masharti kitawafurahisha wale madalali wanaochuma tunda changa usiku, kwa sababu sasa watakuwa na pa kulipeleka. Dawa yake ni kipimo: tunda changa halina mafuta, kiwanda chenye akili hakilipii maji. Halafu kuna msimu. Tunda halipo mwaka mzima, na mashine inayolala miezi mingi inakula mkopo. Hapo ndipo ninapowatazama majirani zetu wa Kyela. Wao wana mawese. Na kwenye mchikichi, baada ya kukamua mawese ya kula, inabaki mise, ile kokwa ya ndani, yenye mafuta meupe mazuri kwa sabuni. Sabuni inataka mafuta magumu ya mise ili iwe na povu, na mafuta laini ya parachichi ili isikaushe ngozi. Kyela na Rungwe zilikuwa wilaya moja kabla hazijagawanywa. Kwenye sufuria ya sabuni zinaweza kurudi kuwa moja bila kuomba kibali cha Dodoma.

Mawese yenyewe, lakini, yaacheni yaliwe. Tanzania kwa miaka mingi imekuwa ikiagiza kutoka nje zaidi ya nusu ya mafuta yake ya kula, na serikali tangu mwaka 2018 inahangaika kufufua michikichi ya Kigoma kwa sababu hiyo hiyo. Sioni busara ya kupeleka mafuta ya kula kwenye injini ya gari la Ulaya halafu tukanunue mengine ya kukaangia kutoka Malaysia.

Na anayependa mbarika aupande. Kwenye mpaka wa shamba, pembeni mwa barabara, kwenye kifusi, mche mmoja mmoja, akijua kwamba mbegu zake ni sumu na watoto wasizichezee. Akamue mwenyewe au na wenzake, auze kwenye chupa. Hapo naona faida. Kwenye hekta mia za mtu mwingine, kwenye mteremko ambao leo una matete ya ng'ombe wa mama fulani, sioni.

Nimalizie na ninyi mnaoishi vijijini, hasa wenyeviti na wajumbe. Hawa wanaotafuta ardhi duni watakuja. Labda si mwaka huu. Watakuja na ramani yenye rangi, na maneno mazuri kuhusu tabianchi, na mengine yatakuwa ya kweli. Msiwafukuze, wakaribisheni chai. Kisha waambieni waoneshe kwa mguu, siyo kwa ramani, ni kipande kipi wanachokiita duni, na muwaite akina mama wanaokata majani pale waje wasikie. Waulizeni bei ya kilo moja ya mbegu itakuwa ngapi siku petroli itakaposhuka, na iandikwe. Waulizeni kampuni ikifa ardhi itakuwa ya nani, nayo iandikwe. Eneo likiwa hekta 250 au pungufu, sheria inaupa mkutano mkuu wa kijiji mamlaka ya kukubali au kukataa. Likizidi hapo uamuzi ni wa waziri, lakini ni lazima azingatie mapendekezo ya mkutano. Na fidia hukubaliwa kabla ya ardhi kuhamishwa, siyo baada. Kwa hiyo tangazo la mkutano mkuu likibandikwa pale ofisi ya kijiji, usimtume mtoto akakusikilizie. Nenda mwenyewe, na jina lako liandikwe kwenye muhtasari.